UZI: Mefiboshethi hakuzaliwa akiitwa Mefiboshethi. Tuchambue jina hili kwa ushahidi

Jongoo wa Maktaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Orodha za "maana za majina ya Biblia" zimejaa kwenye magrupu, na ukifika herufi M utakuta Mefiboshethi = "mtoto wa aibu". Orodha nyingine itakwambia ni "mvunja aibu". Maana mbili zinazopingana kabisa, na hakuna anayeuliza imekuwaje. Nimefungua uzi huu tulichambue jina lenyewe, herufi kwa herufi, na tuone kwa nini mtu huyu ana majina mawili ndani ya Biblia moja.

Kwanza, anayezungumziwa ni nani. Ni mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Tunakutana naye 2 Samweli 4:4: alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika kutoka Yezreeli, yaya wake akamchukua akakimbia naye, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sura ya 9 Daudi anamtafuta na kumkuta Lo-debari, kwa Makiri mwana wa Amieli. Anampa mashamba yote ya Sauli, na kazi ya kuyalima anapewa Siba, mwenye wana 15 na watumishi 20. Mefiboshethi mwenyewe anakula mezani pa mfalme.

Angalizo kwa wasomaji wa haraka: wapo Mefiboshethi WAWILI. Mwingine ni mwana wa Sauli kwa Rispa, yaani baba mdogo wa huyu wa kwanza. 2 Samweli 21:7-8 inawataja wote wawili mistari inayofuatana: mwana wa Yonathani ameachwa hai kwa sababu ya kiapo, mwana wa Rispa ametolewa kwa Wagibeoni pamoja na ndugu yake Armoni. Nimeshaona mahubiri yaliyochapishwa yakiwachanganya.

Sasa fungua 1 Mambo ya Nyakati 8:34. Hapo nasaba ya Sauli inasema mwana wa Yonathani alikuwa Merib-baali, na Merib-baali akamzaa Mika. Rudi 2 Samweli 9:12: Mefiboshethi alikuwa na mwana mdogo jina lake Mika. Babu yule yule, baba yule yule, mtoto yule yule. Ni mtu mmoja.

Panga majina mengine ya vitabu hivi kandokando uone mtindo wenyewe:

Mwana wa Sauli aliyetawala miaka miwili: Ishboshethi katika 2 Samweli 2:8, Esh-baali katika 1 Nyakati 8:33.
Gideoni: Yerubaali katika Waamuzi 6:32, Yerubeshethi katika 2 Samweli 11:21.
Mjukuu wa Sauli: Merib-baali katika Nyakati, Mefiboshethi katika Samweli.

Mara tatu, mahali penye *baali* upande mmoja pana *boshethi* (au *beshethi*) upande wa pili. *Boshet* kwa Kiebrania ni aibu. Msimamo wangu: majina ya awali ni yale ya Baali (neno lililokuwa pia jina la mungu wa Wakanaani), na wanakili wa kitabu cha Samweli ndio waliyabadilisha. Karibuni kwa hoja, si kwa vijembe.

---

Kalamu ya Nyasi

Uzi mzuri mkuu. Naongeza hesabu ya herufi, kwa sababu watu wengi hulichambua jina kwa tahajia ya Kiswahili halafu wanashangaa halitoi kitu.

Mefiboshethi kwa Kiebrania ni konsonanti sita: Mem, Pe, Yod, Beth, Shin, Tau (מפיבשת). Baadhi ya mahali Yod haipo, ni namna tu ya kuandika kwa ufupi. Ondoa *boshet* (Beth, Shin, Tau) unabaki na Mem, Pe, Yod.

Merib-baali ni Mem, Resh, Yod, Beth, kisha Beth, Ayin, Lamed. Lakini ukienda 1 Nyakati 9:40 kwenye Kiebrania, jina limeandikwa mara mbili ndani ya mstari mmoja na kwa namna mbili. Mara ya kwanza ni Merib-baali, mara ya pili ni Meri-baali, Beth moja imekosekana. Tafsiri zetu zinaandika sawasawa mara zote mbili, ndiyo maana msomaji wa Kiswahili hawezi kuiona tofauti hiyo.

Chukua hiyo ya pili, Meri-baali. Ondoa *baali*, unabaki na Mem, Resh, Yod. Linganisha: M-P-Y na M-R-Y. Tofauti ni herufi moja tu, Resh dhidi ya Pe. Kwa hiyo tuna mabadiliko mawili kwenye jina hili: Baali kuwa boshethi, ambayo ina mtindo unaojirudia, na R kuwa P, ambayo haina mtindo wowote. Usiyaunganishe kwa maelezo mamoja, hayakutokana na sababu moja.

Kuhusu maana ya nusu ya kwanza: *merib* huhusishwa na mzizi R-Y-B, kuteta au kutetea shauri, mzizi ule ule wa Meriba, mahali Waisraeli walipoteta (Kutoka 17:7). *Meri* huweza kusomwa kwa njia nyingine, kwa kuhusianisha na neno la Kiaramu *mar*, bwana au mkuu. Hivyo ama "Baali hutetea" ama kitu karibu na "Baali ni bwana wangu".

---

Mtumishi wa Jioni

Asanteni sana wakuu. Swali langu ni la mfundishaji. Kamusi ya Strong ipo kwenye programu za simu, na ukigusa Mefiboshethi inakupeleka namba 4648, inasema jina linatokana na kuvunja au kutawanya aibu. Kwa nini tusiichukue hiyo? Inahubirika vizuri kweli.

---

Kalamu ya Nyasi

Inahubirika ndiyo, mtumishi, ila angalia inakotoka. Strong analitoa jina kwenye kitenzi namba 6284, *pa'ah*. Kitenzi hicho kimetumika mara moja tu katika Biblia nzima ya Kiebrania, Kumbukumbu la Torati 32:26, Mungu anaposema angeweza kuwatawanya mbali. Kitenzi cha mara moja hakitoi msingi wa kujengea jina, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba *pa'ah* ina Alefu katikati: Pe, Alefu, He. Jina Mefiboshethi halina Alefu mahali popote. Ungetegemea umbo la mtendaji kama *maf'e*, si *mefi*.

Maelezo mepesi zaidi kwa sikio la Kiebrania ni *mi-pi*, "kutoka kinywani mwa". Mefi-baali lingekuwa "kutoka kinywani mwa Bwana", yaani mtoto aliyeahidiwa kwa neno la Mungu. Ukiweka *boshet* mahali pa *baali*, linageuka "kutoka kinywani mwa aibu", na hapo ndipo "mtoto wa aibu" ya kwenye orodha ilikochipukia.

Na kumbuka namba za Strong zinakupa jina kama lilivyoandikwa katika mstari husika. Merib-baali ana namba yake, 4807. Ishboshethi ni 378, Esh-baali ni 792. Ukifuata namba pekee utadhani ni watu wanne.

---

bintipwani

Salaam aleikum na bwana asifiwe kwa wote.

Mnalichukulia neno *baali* kana kwamba ni sanamu tu. Kwa lugha za Kisemiti ni neno la kawaida kabisa: mwenye mali, bwana, mume. Waliosoma Kurani wanalijua. Sura ya 11 (Hud) aya ya 72, mke wa Ibrahimu anashangaa atazaaje naye ni mkongwe, na *hadha ba'li shaykhan*, huyu mume wangu ni mzee. Halafu sura ya 37 (As-Saffat) aya ya 125, Nabii Iliyasi anawaambia watu wake: je, mnamwomba *Ba'l* mkamwacha Mbora wa waumbaji? Neno moja, kitabu kimoja, matumizi mawili: mume wa mtu, na mungu wa uongo.

Kiebrania ni vivyo hivyo. Mume ni *baal*, mwenye ng'ombe ni *baal* wa ng'ombe. Kwa hiyo mtu wa karne ya 11 KK kumwita mwanawe Meri-baali haimaanishi moja kwa moja kwamba alikuwa akimfukizia uvumba mungu wa Wakanaani. Anaweza kuwa amemaanisha "Bwana" kama vile sisi tunavyosema "Mola".

---

Jongoo wa Maktaba

Hapo umegonga penyewe dada, na ukoo wa Sauli unathibitisha. Angalia watoto wa mtu mmoja: Yonathani ni *Yeho-natan*, Yahwe (jina la Mungu wa Israeli) ametoa. Mdogo wake ni Esh-baali. Baba mmoja, mtoto mmoja ana jina la Yahwe na mwingine lina Baali. Kama Sauli alikuwa mwabudu Baali, asingemwita mwanawe wa kwanza hivyo.

Jina linalofunga mjadala huu kwangu ni Bealia, 1 Nyakati 12:5. Ni mmoja wa Wabenyamini, ndugu zake Sauli, waliomfuata Daudi Siklagi. Jina lenyewe ni *Baal-Yah*: Yahwe ni Bwana. Majina yote mawili ndani ya jina moja!

Daudi naye yumo. Mwanawe aliyezaliwa Yerusalemu anaitwa Beeliada katika 1 Nyakati 14:7 (Baali anajua), lakini Eliada katika 2 Samweli 5:16 (Mungu anajua). Hapa Baali ameondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na *El*, hakuna aibu. Kumbe mrekebishaji alikuwa na zaidi ya njia moja. Hata 1 Nyakati 3:8 ina Eliada, ndani ya kitabu kile kile chenye Beeliada.

Na msimamizi wa mizeituni na mikuyu wa Daudi ni Baal-hanani, 1 Nyakati 27:28.

---

Mchokonozi

Baal-hanani ukilipindua unapata Hannibal, yule jemadari wa Karthago aliyevusha tembo Alps 😄

---

Kalamu ya Nyasi

Unatania lakini ni kweli tupu. Wakarthago walizungumza Kifoinike, ndugu wa Kiebrania. Hannibal ni mzizi H-N-N (kufadhili) pamoja na Baali. Ni mzizi ule ule wa Hana na Yohana. Yohana ni *Yeho-hanan*, Yahwe amefadhili. Ndugu yake Hasdrubal ni *azru-baal*, Baali amesaidia, na mwenzake katika Biblia ni Azaria, Yahwe amesaidia. Muundo ni mmoja, kinachobadilika ni mungu anayetajwa.

Ndiyo maana huwa nasema usitafute maana ya jina la Kiebrania kabla hujalikata vipande: kitendo au sifa upande mmoja, jina la Mungu upande wa pili. Usipojua pa kukata, kila kitu unachosema baadaye ni bahati nasibu.

---

Mzee wa Nasaba

Naomba nipinge kidogo, maana uzi umeanza kuelekea upande mmoja.

Nadharia ya kwamba wanakili walibadilisha Baali kuwa boshethi ilipewa nguvu na Abraham Geiger, karne ya 19. Imerudiwa sana hadi watu wakasahau kuwa ni nadharia. Mwaka 1975 Matitiahu Tsevat aliipinga kwa hoja ya lugha: Kiakadi kina neno *bashtu*, lenye maana ya heshima, fahari, hata nguvu ya ulinzi inayomfuata mtu, na neno hilo hutokea ndani ya majina ya watu wa Mesopotamia. Kwa hiyo Ishboshethi linaweza kuwa jina halali la kuzaliwa, "mtu wa fahari" au mwenye mlinzi, wala si aibu. Gordon Hamilton aliongeza ushahidi upande huo mwaka 1998.

Pili, kama wanakili wa Samweli walikuwa wakifagia Baali, kwa nini walimwacha Yerubaali katika 1 Samweli 12:11? Samweli mwenyewe anamtaja katika hotuba yake, na jina halikuguswa. Na Waamuzi imejaa Yerubaali mwanzo mwisho. Mfagiaji gani anaruka uchafu ulio katikati ya sebule?

---

Jongoo wa Maktaba

Mzee hoja zako nzito, naziheshimu. Naanza na ya pili.

Waamuzi sura ya 6 ilikuwa haiguswi kwa sababu hadithi yenyewe inaeleza jina: Gideoni amebomoa madhabahu ya Baali, watu wanasema Baali na ajitetee. Ukiandika Yerubeshethi hapo, hadithi inakufa. Kuhusu 1 Samweli 12:11, nakubali kwamba marekebisho hayakufanywa kwa ukamilifu. Lakini marekebisho ya mkono hayawi kamili kamwe, na 2 Samweli 11:21 inaonyesha mkono huo ukifanya kazi: Yoabu anamtaja Abimeleki mwana wa Yerubeshethi, mtu ambaye kila mahali pengine baba yake ni Yerubaali. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, ina *Ierobaal* kwenye mstari huo huo. Maana yake mtafsiri alikuwa na nakala ya Kiebrania ambayo ilikuwa bado haijaguswa.

Ya kwanza: *bashtu* inaweza kueleza jina moja lililosimama peke yake. Haielezi kwa nini kila mwenye boshethi ana pacha mwenye baali. Mara tatu kamili, na kuna ya nne iliyojificha. 2 Samweli 23:8, shujaa wa kwanza wa Daudi anaitwa Yosheb-bashebethi, jina ambalo halieleweki kwa Kiebrania. 1 Nyakati 11:11 anaitwa Yashobeamu. Septuaginta ya Samweli ina *Iebosthe*, na nakala za Kigiriki za mapokeo ya Lusiani (toleo la Septuaginta lililorekebishwa) zina *Iesbaal*. Yaani jina la awali lilikuwa Ishbaali, likafanywa Ishboshethi, kisha mnakili mwingine akalisoma vibaya likawa Bashebethi. Huwezi kuipata njia hiyo ukianza na *bashtu*.

---

Mzee wa Nasaba

Hiyo ya 23:8 ni nzuri, sina ubishi nayo. Lakini Lusiani ni nakala za baadaye. Anaweza kuwa mrekebishaji wa Kigiriki aliyesoma Nyakati akalinganisha Samweli nayo.

---

Kalamu ya Nyasi

Angelinganisha na Nyakati, angeandika Meribaal. Mapokeo ya Lusiani katika 2 Samweli yana *Memphibaal*. Ni Mefi (pamoja na M ya ziada ya Kigiriki) ikiwa na baali. Umbo hilo halipo Nyakati popote. Basi hakulitoa huko.

Hapo hapo kuna mtego kwa anayetumia Septuaginta. Kodeksi ya Vatikano (nakala ya kale ya Septuaginta) inaandika *Memphibosthe* kwa Mefiboshethi, lakini katika 2 Samweli 3 na 4 inaandika *Memphibosthe* hata kwa Ishboshethi, amu yake! Ukisoma Kigiriki bila kuangalia Kiebrania utadhani Abneri, jemadari wa Sauli, aligombana na mlemavu wa Lo-debari.

Mchanganyiko huo wa amu na mpwa unafanya wengine wapendekeze kwamba Mefibaali lilikuwa jina la mwana wa Rispa, na Meribaali jina la mwana wa Yonathani, kisha majina mawili yaliyokaribiana yakamezana. Ingeeleza ile tofauti ya R na P. Mimi nakaa nayo kama uwezekano, sijaifanya msimamo.

---

Mchimbaji

Mmeongea maandiko, ngoja nilete vigae.

Khirbet Qeiyafa. Ni ngome juu ya Bonde la Ela, kusini-magharibi mwa Yerusalemu, iliyochimbwa na Yosef Garfinkel na Saar Ganor kuanzia 2007 hadi 2013. Mwaka 2012 walipata mtungi uliovunjika vipande vingi. Ulipoungwa, begani mwake yakaonekana maandishi ya Kikanaani yaliyochongwa kabla mtungi haujachomwa: *Eshbaal ben Beda*, Eshbaali mwana wa Beda. Yalichapishwa 2015, na yamewekwa mwanzoni mwa karne ya 10 KK, yaani enzi za Daudi.

Si mwana wa Sauli, maana baba ni Beda. Thamani yake ni nyingine: Nyakati iliandikwa mamia ya miaka baada ya Sauli, na kwa muda mrefu mtu angeweza kudai kwamba mwandishi wake alibuni Esh-baali. Sasa tunajua lilikuwa jina la kweli la watu wa wakati ule na sehemu ile. Na chonga kabla ya kuchoma ina uzito wake: mfinyanzi aliandika udongo ukiwa mbichi, hivyo jina lilikusudiwa tangu mtungi unatengenezwa, si mtu aliyekwaruza baadaye.

Khirbet er-Rai, karibu na Lakishi. Mwaka 2021 ilichapishwa habari ya kigae kilichoandikwa kwa wino, cha karibu mwaka 1100 KK, ambacho wachapishaji wake walikisoma Yerubaali. Tafadhali msiende kutangaza "kikombe cha Gideoni kimepatikana". Jina ni lile lile, mtu hajulikani.

Samaria. Vigae vilivyochimbuliwa 1910 na msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard, vya karne ya 8 KK. Ni stakabadhi za mvinyo na mafuta. Kigae namba 2 kinasomeka takriban hivi: mwaka wa kumi, kwa Gaddiyau, kutoka Azza, Abibaali 2, Ahazi 2, Sheba 1, Meribaali 1. Angalieni: Meribaali, jina lenyewe la mwana wa Yonathani, kwenye stakabadhi ya bidhaa. Na mpokeaji ni Gaddiyau, jina lenye Yahwe (*yau* ndivyo kaskazini walivyoliandika). Majina ya Yahwe na ya Baali yamekaa kwenye kigae kimoja kisichozidi kiganja.

Upande wa Yuda, karne ya 9 hadi ya 7 KK, majina ya Baali hayaonekani kwenye maandishi yaliyochimbuliwa. Mtindo ulikufa kusini ukaendelea kaskazini.

---

bintipwani

Hiyo tofauti ya kaskazini na kusini inaelezeka ukimsoma Hosea, nabii wa kaskazini, karne hiyo hiyo ya 8. Hosea 2:16-17: siku hiyo utaniita *Ishi* (mume wangu), hutaniita tena *Baali*, nami nitayaondoa majina ya Mabaali kinywani mwake. Tatizo lake ni kwamba neno moja lilikuwa linamtaja Mungu na mshindani wake, watu hawajui tena wanamwita nani.

Anayefuata kwa Kiebrania aangalie: mistari hiyo ni 2:18-19 huko, hesabu zinapishana. Vivyo hivyo 2 Samweli 19:24 ya Kiswahili ni 19:25 ya Kiebrania. Watu wengi hutafuta mstari, hawaoni jina, wakadhani programu ina kasoro.

---

Jongoo wa Maktaba

Sawasawa. Na kwa nini neno *aibu* hasa? Kwa sababu manabii walishaanza kulitumia hivyo kabla ya wanakili. Hosea 9:10 anasema walikwenda Baal-peori wakajiweka wakfu kwa *boshet*. Yeremia 11:13 anaweka "madhabahu za aibu" na "madhabahu za kumfukizia Baali uvumba" sambamba, kana kwamba ni kitu kimoja. Wanakili walikuta neno mbadala tayari lipo. Ukiongeza Kutoka 23:13, kwamba majina ya miungu mingine yasisikiwe kinywani mwako, una sababu na una neno.

Kitu kingine: Samweli ilisomwa kwa sauti katika ibada kuliko Nyakati. Kitabu kinachosikika masikioni pa watu ndicho kinachosafishwa. Nyakati, yenye sura tisa za kwanza za majina matupu, iliachwa ilivyo. Tunamshukuru Mungu kwa kuchosha kwake.

---

Mchokonozi

Halafu Sauli mbona 1 Samweli 14:49 wanawe ni Yonathani, Ishvi na Malkishua? Eshbaali hayupo. Alizaliwa baadaye au?

---

Kalamu ya Nyasi

Swali zuri, na leo hujatania. Wengi husema Ishvi ndiye Eshbaali. *Ishvi* huenda ni umbo lililoharibika la *Ish-yo* au *Ish-yahu*, "mtu wa Yahwe". Ikiwa hivyo, mtu huyu mmoja ana majina matatu katika Biblia: moja Baali amefutwa akawekwa Yahwe, moja amefutwa ikawekwa aibu, na moja limebaki. Kwa *Esh* yenyewe kuna usomaji mwingine pia: si "mtu" bali "yupo", kama *yesh* ya Kiebrania. Eshbaali = Bwana yupo.

---

Mtumishi wa Jioni

Nimefuata uzi wote. Sasa Lo-debari nayo? Huwa tunafundisha "hakuna malisho", mahali pa ukame alipotupwa.

---

Mzee wa Nasaba

Mtumishi, hapo nakusihi upunguze chumvi. Jina la mji limeandikwa kwa namna mbili: 2 Samweli 9:4 ni *Lo* kwa Lamed-Vav, 17:27 ni *Lo* kwa Lamed-Alefu. Hiyo ya pili ndiyo "si" au "hakuna". Amosi 6:13 anaichezea kwa makusudi: mnafurahia *lo davar*, kitu ambacho si kitu. Mchezo wa maneno wa nabii haugeuki kuwa taarifa ya hali ya hewa.

Soma 2 Samweli 17:27-29. Daudi anamkimbia Absalomu, anafika Mahanaimu, na mmoja wa wanaomletea chakula ni Makiri huyo huyo wa Lo-debari. Vinatajwa vitanda, mabakuli, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, unga, bisi, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini. Mtu wa mahali pasipo malisho hawezi kuchangia kulisha jeshi. Mefiboshethi alilelewa kwa tajiri.

Na alikuwa Gileadi kwa sababu za kisiasa. Mahanaimu ndipo Abneri alipomtawaza Ishboshethi. Familia ya Sauli ilihamia ng'ambo ya Yordani baada ya Sauli kufa Gilboa, na mtoto alikwenda walikokwenda ndugu zake.

---

Mtumishi wa Jioni

Imeeleweka mzee. Basi kwenye somo la watoto niandike jina lipi ubaoni?

---

Jongoo wa Maktaba

Andika Mefiboshethi, ndilo watakaloliona kwenye 2 Samweli. Kwenye mchoro wa ukoo weka jina la pili chini yake kwa mabano, hivi: Sauli → Yonathani → Mefiboshethi (Merib-baali) → Mika. Kwa Ishboshethi weka (Esh-baali). Mwana wa Rispa mchoree tawi lake mwenyewe kutoka kwa Sauli, kwa rangi nyingine ukiweza, maana hapo ndipo wanapopotea.

Usiandike "maana: mtoto wa aibu". Ukihitaji maana, andika ya Merib-baali, "Bwana hutetea", na useme *aibu* iliwekwa baadaye na wanakili kwa sababu ya Baali, haikuhusu miguu ya mtu huyu wala tabia yake. Mtoto mwenye ulemavu akiwa darasani, sentensi hiyo ya mwisho usiiruke.

Na kama mchoro una nafasi, usikomee kwa Mika. 1 Nyakati 8:35-40 inaendelea: Mika ana wana wanne, Pithoni, Meleki, Tarea na Ahazi, na nasaba inashuka kupitia Ahazi kizazi baada ya kizazi hadi wana wa Ulamu, wapiga upinde, ambao wana na wajukuu wao wanahesabiwa 150.